Kubadilisha klachi: giaboksi ishuke mara moja tu

Anayeendesha gari la gia za mkono mjini Mombasa hukanyaga klachi mara nyingi kuliko anavyodhani. Foleni ya kivuko cha Likoni husogea kwa urefu wa gari moja, ikasimama, kisha ikasogea tena, na maji ya bahari yakiwa yamekupwa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali zaidi, hivyo dereva aliyebanwa mbele na nyuma hulizuia gari lake kwa nusu klachi badala ya kuvuta hendibreki. Klachi huungulia hapo, kidogo kidogo, bila mwenye gari kusikia lolote mpaka siku atakapopanda mlima wa Mazeras akiwa na mzigo na kuona injini inapiga kelele ilhali gari haliongezi mwendo.

Kazi ya kubadilisha klachi haina siri kubwa, lakini ni nzito, kwa sababu kipuri chenyewe kimefichwa katikati ya injini na giaboksi, na hakifikiwi mpaka giaboksi ishushwe. Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia hapa ni moja yenye pande mbili: usiishushe giaboksi kabla hujahakikisha kwamba klachi ndiyo iliyokwisha, na ukishaishusha, badilisha kila kilichoko nyuma yake ambacho kinaweza kukulazimisha uishushe tena. Kanuni hii nimeifahamu kwa gharama. Fundi mmoja aliniwekea klachi pleti mpya katika gari langu dogo, akairudisha beringi ya zamani kwa kuwa “bado inazunguka vizuri”, na baada ya majuma matatu beringi hiyo ikaanza kulia kila nilipokanyaga pedali. Giaboksi ikashushwa upya, nami nikalipa ufundi mara mbili kwa ajili ya kipuri ambacho kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote.

Ili tuelewane, vipuri vinavyozungumzwa ni hivi. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini. Klachi pleti ni sahani yenye ngozi ngumu pande zote mbili, na katikati yake kuna meno yanayovaana na shafti ya giaboksi. Presha pleti hufungwa kwenye flaiwili kwa bolti na huibana klachi pleti kwa nguvu ya springi, ili injini na giaboksi vizunguke pamoja. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi husukuma vidole vya springi hiyo, mbano unalegea, na injini inazunguka peke yake. Ngozi ya pleti hulika kila mara inaposuguana na chuma, kama vile pedi za breki zinavyolika.

Hakikisha kwanza

Dalili ya klachi iliyokwisha ni kuteleza. Liendeshe gari kwenye barabara iliyo wazi likiwa katika gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mizunguko ya injini ikipanda ghafla na mwendo usipande pamoja nayo, klachi inateleza. Kipimo cha pili hufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare pasipo mtu wala kitu mbele yake: vuta hendibreki kwa nguvu, weka gia ya tatu, pandisha injini hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kisha achia pedali taratibu. Injini inapaswa kuzimika mara moja. Ikiendelea kunguruma huku pedali imeachiwa yote, pleti haina tena uwezo wa kushika. Usikirudie kipimo hiki zaidi ya mara moja au mbili, maana chenyewe kinaiunguza klachi.

Kuteleza peke yake, hata hivyo, hakujathibitisha kwamba pleti imelika. Bonyeza pedali kwa kidole na usikie ule ulegevu wa mwanzo kabla haijaanza kugoma. Katika magari mengi ya Toyota ulegevu huo huwa kati ya milimita 5 na 15. Ikiwa haupo kabisa, huenda pedali au kebo imekazwa kupita kiasi, beringi inasukuma vidole muda wote, na klachi inateleza kana kwamba unaikanyaga kidogo. Hilo hurekebishwa kwa spana mbili na robo saa ya kazi. Chungulia vilevile chini ya gari, mahali injini inapokutana na giaboksi. Oili ikidondoka hapo, yawezekana sili (pete ya kuzuia oili isivuje) ya nyuma ya krenki au sili ya mbele ya giaboksi inavuja na kuilowesha pleti, na pleti iliyolowa oili huteleza hata ikiwa mpya. Ngozi iliyokwisha kunywa oili haisafishiki, basi pleti na sili vibadilishwe pamoja.

Shida ya kinyume ni klachi isiyoachia: gia zinasaga, rivasi inakataa kuingia, au gari linataka kuondoka ilhali pedali iko sakafuni. Hapa watu wengi hununua klachi nzima bila sababu. Katika magari yanayotumia maji ya breki kuendesha klachi, anza na masta silinda iliyoko juu ya pedali, inayosukuma maji hayo, na slevu silinda iliyoko kwenye giaboksi, inayopokea msukumo wake. Pitisha kidole juu ya fimbo inayotokea ukutani nyuma ya pedali. Ikiwa imelowa, masta silinda inavuja kwa ndani. Kisha ukunjue kidogo ule mpira wa slevu silinda, na maji yakichuruzika kutoka ndani yake umempata mkosaji. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina uchache wa unyevu, kwa hiyo kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili kunazilinda silinda hizi zisiingie kutu.

Gari lililopita kwenye mafuriko ya masika, kisha likalazwa majuma kadhaa, linaweza kuwa na ugonjwa mwingine tofauti: pleti imeshikwa na kutu juu ya flaiwili. Klachi ya namna hiyo haijaisha. Mara nyingi huachia yenyewe ukiipasha injini moto, ukatafuta uwanja mpana usio na watu, ukaizima, ukawasha gari likiwa tayari katika gia ya pili, kisha ukashikilia pedali chini huku ukikanyaga mafuta na kuachia kwa zamu. Jaribu hilo kabla ya kuita fundi.

Sikiliza pia. Mlio unaoanza pale unapokanyaga pedali ni wa rilizi beringi. Mlio unaosikika gari likiwa nyutro na pedali imeachiwa, kisha ukanyamaza unapokanyaga, kwa kawaida ni wa beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, na huo hautaponywa na klachi mpya hata ukinunua ya bei gani. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka linaweza kuwa na pleti iliyoungua au yenye oili, lakini maunti za injini (vishikizo vya mpira vinavyoibeba) zilizokatika hutoa mtetemeko unaofanana nao sana, basi zikague kwanza.

Kununua vipuri

Nunua seti kamili: klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi. Kwa gari la kuendesha magurudumu ya nyuma ongeza beringi ndogo inayokaa katikati ya krenki, ikiwa gari lako linayo. Ongeza sili ya nyuma ya krenki, sili ya mbele ya giaboksi na oili ya giaboksi. Klachi ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa sikushauri uiweke, kwa kuwa huwezi kujua aliyeitumia alikuwa akiendesha vipi, na gharama kubwa ya kazi hii ni ufundi.

Nenda dukani na namba ya chasisi na namba ya injini, maana gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuja na klachi za ukubwa tofauti. Magari mengi ya kwetu hushushwa bandari ya Kilindini yakiwa yametumika nje, na sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane haisemi lolote kuhusu hali ya klachi wala kama mwenyewe wa kwanza aliwahi kuweka ya aina nyingine. Njia ya uhakika ni kuilaza pleti ya zamani juu ya mpya: pima kipenyo, linganisha unene wa kitovu, na uhesabu meno ya katikati moja baada ya jingine, kwa sababu pleti ya meno 20 na ya meno 21 hufanana machoni lakini moja haiingii mahali pa nyingine. Kagua pia kazi ya kiwandani. Katika pleti ya kampuni kama Aisin au Exedy utaona ribiti, yaani misumari inayoishika ngozi, zimezama sawasawa, ngozi haina nyuzi zinazochomoza, na namba zimechapwa kwa herufi safi. Boksi lenye jina kubwa na pleti isiyo na alama yoyote lirudishe.

Mahali pa kazi

Nitakaa kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Giaboksi ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 30 au zaidi, nawe utakuwa umelala chini yake. Jeki ni ya kuinulia gari, haikutengenezwa kulishikilia gari wakati mtu yuko chini. Tumia stendi za chuma, na kwa kuwa nyua zetu nyingi ni za mchanga au changarawe, kila stendi iwekwe juu ya kipande cha ubao mpana na mnene ili isizame. Usiliegeshe gari kamwe juu ya mawe ya kujengea yanayochimbwa hapa pwani. Jiwe hilo la matumbawe hubeba ukuta vizuri likiwa limetandazwa na kulazwa kwa saruji, lakini likielemewa na uzito katika nukta moja hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Bolti nazo ziandae mapema. Hewa ya chumvi huzishika bolti za chini ya gari kwa kutu, hasa magari yanayolala karibu na ufuo wa Nyali au Bamburi, na bolti ya ekzosi iliyovunjika inaweza kukupotezea saa nyingi kuliko klachi yenyewe. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia, kisha uzipulizie tena asubuhi.

Kushusha giaboksi

Hatua zifuatazo ni za gari dogo la kuendesha magurudumu ya mbele, kama Probox yenye gia za mkono. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya jambo lolote, kwa kuwa stata itafunguliwa na waya wake mkubwa una umeme muda wote. Toa betri, kikalio chake na boksi la kichujio cha hewa, utapata nafasi ya kuzifikia kebo za gia. Gari likiwa bado limesimama kwa tairi zake, legeza nati kubwa za katikati ya magurudumu ya mbele. Ukisubiri mpaka gari liwe juu, gurudumu litazunguka nawe. Kisha liinue, liweke kwenye stendi, ulitikise kwa nguvu ukiwa nje, na likitulia ndipo uingie chini.

Mwaga oili ya giaboksi kwenye beseni na uiangalie. Chembe laini kama unga zilizonasa kwenye sumaku ya bolti ni za kawaida, vipande vya meno si vya kawaida. Tenganisha boljointi za chini (viungo vya magurudumu), chomoa draivu shafti zote mbili, zile zinazozungusha magurudumu, kwa kuzibandua giaboksini bila kuchana sili zake, kisha fungua stata, kebo za gia, waya wa swichi ya rivasi na wa spidomita. Slevu silinda ifungue ikiwa na mpira wake na uining’inize pembeni kwa waya bila kulegeza bomba, na umwonye kila aliyepo asiguse pedali, kwani pistoni itaruka nje na utakuwa umejiongezea kazi.

Weka jeki ya pili chini ya injini, ukiitanguliza na kipande cha ubao ili jeki isihimili uzito kwa chuma kitupu, halafu fungua maunti za giaboksi. Fungua bolti zinazoishikanisha giaboksi na injini, uache mbili za juu ziwe za mwisho. Kila bolti uipange juu ya kartoni katika nafasi yake, kwa sababu urefu wake haulingani, na bolti ndefu iliyokazwa katika tundu fupi hupasua alumini. Giaboksi ikiwa imebebwa na jeki au na watu wawili, ivute moja kwa moja kuelekea pembeni mpaka shafti itoke kabisa. Isining’inie kwa shafti yake hata kidogo.

Kwa matatu aina ya HiAce na magari mengine ya kuendesha magurudumu ya nyuma, badala ya draivu shafti utatoa propela, ile shafti ndefu inayokwenda nyuma. Tia alama ya rangi kwenye flanji zake (sahani za kufungia) kabla ya kufungua ili zirudi zilivyokuwa, na mkia wa giaboksi uzibe kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba, la sivyo oili itakumwagikia.

Kukagua na kufunga

Legeza bolti za presha pleti kwa kuvukana, yaani moja kisha inayoikabili, nusu mzunguko kila moja, mpaka springi ipumzike. Ukimaliza bolti moja kabla ya nyingine utaipinda. Pleti ya zamani itakueleza habari zake. Iliyokwisha kwa umri imelika sawasawa na ribiti zake zinakaribia uso wa ngozi. Kwa vitabu vya Toyota kichwa cha ribiti kikiwa kimebakiza kina cha milimita 0.3, pleti hiyo imefika mwisho. Iliyounguzwa ina harufu kali, ngozi yake inang’aa kama kioo, na flaiwili iliyoisugua ina madoa ya buluu na zambarau kama shingo ya njiwa. Madoa hayo ni chuma kilichopata joto mpaka kikabadilika ugumu, na ukifunga pleti mpya juu yake gari litatetemeka. Flaiwili yenye madoa, mikwaruzo au nyufa nyembamba ipeleke kwa mchongaji aisawazishe, au ibadilishwe ikiwa nyufa ni za kina. Kama uso wake una ngazi, mwambie mchongaji apunguze ngazi zote mbili kwa kipimo kilekile. Flaiwili ya vipande viwili iliyomo katika baadhi ya magari ya dizeli haichongwi kwa njia hii, ikiharibika hubadilishwa.

Flaiwili ikiwa imetoka, weka sili mpya ya krenki. Vumbi jeusi lililojaa ndani ya gamba la giaboksi usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo, kwa sababu ngozi za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na huwezi kulijua vumbi la ipi kwa kulitazama. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, ukitupe.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa pleti mpya. Futa uso wa flaiwili na wa presha pleti kwa dawa ya kusafishia breki, kwa kuwa presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Paka grisi nyembamba kwenye meno ya shafti, ivishe pleti ikateleze mara mbili tatu, itoe, kisha ufute grisi yote iliyojikusanya kandokando. Grisi ikizidi itarushwa juu ya ngozi.

Pleti ina uso wa kuelekea injini na uso wa kuelekea giaboksi. Kwa kawaida upande wenye springi zilizochomoza huelekea giaboksi, na nyingi huwa zimeandikwa. Iweke katikati kwa kifaa cha kulinganishia. Asiyekuwa nacho anaweza kuchongewa na seremala kijiti cha mbao ngumu, ncha yake ikienea kwenye tundu la krenki na shina lake likienea kwenye meno ya pleti. Hatua hii haina mbadala: pleti ikikaa kando kwa milimita chache tu, shafti haitaingia, na utahangaika na giaboksi kifuani mpaka jua lizame. Kaza bolti za presha pleti kwa kuvukana, kidogo kidogo, na umalize kwa toki (spana inayopima mkazo) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, ambacho kwa magari mengi madogo ya Toyota ni newton-mita 19 (19 Nm). Ndipo uchomoe kijiti.

Badilisha rilizi beringi, paka grisi kidogo pale uma unaoisukuma beringi hiyo unapoegemea, na usiioshe beringi mpya kwa petroli, maana grisi yake imefungiwa ndani. Pandisha giaboksi ikiwa katika gia, iwe sambamba kabisa na injini, na ikigoma sentimita za mwisho zungusha shafti yake ya kutokea polepole mpaka meno yavaane. Usiivute ndani kwa kukaza bolti. Giaboksi iliyolingana huingia kwa mkono mpaka nyuso mbili zigusane, na ile inayohitaji bolti inakuambia pleti haiko katikati.

Rudisha vilivyobaki kwa mpangilio wa kinyume, jaza oili ya giaboksi ya aina iliyoandikwa kitabuni, na kama bomba la klachi lilifunguliwa toa hewa yote mpaka pedali iwe ngumu. Kabla ya kushusha gari, washa injini na umwombe mwenzako apitishe gia zote akikanyaga pedali huku magurudumu yakiwa hewani na wewe ukiwa umetoka chini. Rivasi iingie bila kusaga.

Kwa kilomita 500 za mwanzo liendeshe gari kwa upole mjini, bila kuvuta gari jingine na bila kupanda Mazeras ukiwa na mzigo mzito, ili ngozi ikae vizuri juu ya chuma. Harufu hafifu ya siku mbili za mwanzo isikutishe. Baada ya juma moja tandaza kartoni kavu chini ya giaboksi usiku kucha, na asubuhi uangalie kama kuna tone la oili. Likiwepo chini ya draivu shafti, sili ilichanwa wakati wa kurudisha, na hiyo hubadilishwa bila kugusa klachi. Na kwenye foleni ya feri, gari likisimama, weka nyutro, vuta hendibreki na uondoe mguu kwenye pedali.